Misuli ya Pumzi kwa Mgonjwa wa Moyo

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye semina ya siku moja ya viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, wahamasishaji wa afya na jamaa wa wagonjwa, Machakos. Tumeyaacha karibu vile yalivyosemwa.)



Nimeombwa niongee juu ya ugonjwa wa moyo, na nimepewa saa moja. Saa moja haitoshi moyo, kwa hivyo nimechagua jambo moja tu ambalo huku kwetu halizungumzwi: pumzi ya mgonjwa wa moyo, na ile misuli inayoivuta. Mimi si daktari. Mimi ni mfanyakazi wa huduma za jamii, na kazi yangu ni kuingia nyumbani kwa watu, kuketi na kusikiliza. Haya ya kitaalamu nimeyasoma na kuyauliza kwa wenye ujuzi. Pale pa kumwachia daktari, nitamwachia.

Kwanza tuelewane. Daktari akisema, "Moyo umeshindwa na kazi," wengi wetu hudhani moyo umesimama, na familia inaanza kulia pale pale kwa korido. Sivyo. Moyo huu unapiga, ila hausukumi damu ya kutosha. Wale wa kamati ya mradi wa maji wataelewa haraka. Pampu ikilegea, bomba za kule juu kilimani hukauka, na huku chini kisimani maji yanajaa. Ndivyo ilivyo mwilini. Miguu na mikono hainyweshwi damu vizuri, na huku nyuma ya moyo maji yanajaa mapafuni, tumboni na miguuni. Viatu vinakataa kuingia. Usiku mtu analala ameegemea mito mitatu, au anaketi kwa kiti mpaka asubuhi.

Msidhani ni ugonjwa wa wazee wa Ulaya. Kuna utafiti uitwao THESUS-HF, uliochapishwa mwaka wa 2012, ulioangalia wagonjwa 1,006 waliolazwa hospitalini kwa sababu hii katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Chanzo kikubwa kilikuwa presha, asilimia 45. Wengine msuli wa moyo wenyewe ulikuwa umelegea, na wengine vali za moyo zilikuwa zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, ile inayoanza mtoto akiumwa koo na sisi tunampa chai ya tangawizi tu. Miaka 52! Huyo ni mtu mwenye watoto shuleni, mwenye shamba la kulima na mkopo wa kikundi wa kulipa.

Sasa niwaeleze juu ya mama mmoja. Jina lake nitaliacha. Ana miaka arubaini na kitu, watoto wanne, na mume anafanya kazi Mombasa, huja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Alianza kwa kuchoka. Akitoka mtoni na mtungi wa lita 20 alikuwa anapumzika mara moja njiani. Ikawa mara tatu, ikawa mara sita. Kwenye mwethya, siku za kubeba mawe ya bwawa la mchanga, alibeba jiwe moja akakaa chini. Mnajua sheria za kikundi: asiyefanya kazi hulipa faini. Alilipa ya kwanza, akalipa ya pili, na ya tatu akauza kuku. Wenzake walisema ni mvivu. Wengine walisema yale ya kusemwa kwa sauti ya chini, kwamba ametendewa kitu.

Alipofika hospitalini mwishowe, miguu ilikuwa imefura mpaka magotini. Akapatikana na moyo dhaifu uliotokana na presha ambayo hata hakujua anayo. Akapewa dawa, maji yakatoka, akapungua kilo saba, akarudi nyumbani. Hapa ndipo mambo yanapotuhusu sisi. Nilipomtembelea miezi mitatu baadaye, miguu ilikuwa mizuri, presha ilikuwa nzuri, dawa alikuwa anameza bila kuruka siku, lakini bado hakuweza kufua nguo za shule bila pumzi kumkatika. Na majirani walikuwa wanasema, "Si alipona? Sasa huyu anajifanya."

Basi, kama maji yametoka na dawa zinafanya kazi, pumzi inakatikia wapi?

Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana unaoitwa kiwambo. Wanaowamba ngoma wanalijua neno hili, kwa sababu msuli huo umetandazwa hivyo hivyo kama ngozi ya ngoma. Ukivuta hewa, kiwambo kinashuka, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Misuli iliyo katikati ya mbavu husaidia. Ukitoa hewa na umetulia, hakuna nguvu inayotumika, kiwambo kinalegea tu na hewa inatoka yenyewe. Hilo mlishike, nitalirudia: kazi iko kwenye kuvuta. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Tuchukue 14, mkipiga hesabu mtapata zaidi ya mara 20,000 kwa siku. Hakuna mkono ulioshika jembe unaofanya kazi ya namna hiyo.

Kwa mgonjwa wa moyo, msuli huu unaonewa pande mbili. Damu inayoufikia ni kidogo, na hapo hapo kazi imeongezwa, kwa maana mapafu yenye unyevu ni magumu kuyapanua. Blanketi lililoloa maji si rahisi kulikunjua kama kavu. Tena ugonjwa wenyewe hula misuli ya mwili mzima. Na sisi jamaa tunamalizia kwa kumwambia, "Wewe lala tu, usiguse chochote." Mwishowe kiwambo kinadhoofika. Wataalamu husema misuli ya pumzi ni dhaifu ikiwa nguvu yake iko chini ya asilimia 70 ya ile inayotarajiwa kwa mtu wa umri ule na jinsia ile. Si wagonjwa wote wa moyo walio hivyo, lakini ni wengi.

Kuna jambo lililonishangaza nilipolisoma. Misuli ya pumzi ikichoka, mwili unaingiwa na hofu. Pumzi ndiyo uhai, kwa hivyo mwili unabana mishipa ya damu inayokwenda miguuni, ili damu isipungukie pumzi. Miguu inanyang'anywa. Ndiyo sababu mgonjwa anakuambia, "Miguu imekufa," hata kabla hajalalamika kifua. Sisi tunamwona amesimama katikati ya njia, tunasema ni uvivu, kumbe mwili umefanya uamuzi bila kumwuliza. Mwaka wa 2008 watafiti wa Brazil walionyesha kwamba wagonjwa wa moyo wakifundisha misuli yao ya pumzi kwa wiki 4, huko kunyang'anywa kunapungua, damu inafika zaidi kwenye mikono na miguu.

Nimesema kufundisha misuli. Inafundishwaje misuli usiyoiona?

Vile vile kama msuli wa mkono: unaipa mzigo. Kuna kifaa kidogo cha plastiki, kinaenea kwa kiganja. Mgonjwa anakiweka mdomoni, pua imebanwa kwa kibanio, anavuta hewa kupitia kwake. Ndani kuna vali iliyoshikwa na springi. Usipovuta kwa nguvu ya kutosha vali haifunguki, hewa haiingii. Ukizungusha sehemu fulani, springi inakaza na mzigo unaongezeka. Kutoa hewa ni bure, hakuna kizuizi.

Nguvu ya kuvuta hupimwa kwa sentimita za maji. Neno hilo lisiwatishe. Fikirieni mrija mrefu uliosimama ndani ya ndoo ya maji. Ukivuta kwa kifua, si kwa mashavu, maji yanapanda mpaka wapi? Mwanamume mwenye afya anaweza kufika sentimita 100 na zaidi, mwanamke 70 na zaidi, kutegemea umri. Yule mama alipopimwa na mtaalamu wa fiziotherapia alifika 40. Mazoezi huanzia asilimia 30 ya uwezo wa mtu, kwa hivyo yeye alianzia sentimita 12. Kila baada ya wiki moja hivi anapimwa tena na mzigo unaongezwa kidogo kidogo, na mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka wa 2011 unasema usipite asilimia 60. Ni dakika 20 hadi 30 kwa siku, siku tatu mpaka tano kwa wiki, wengine kila siku, kwa muda usiopungua wiki 8. Anaketi wima, mabega yamelegea, anavuta, anatoa polepole. Dakika za mwanzo anaweza kuzigawanya: tano asubuhi, tano jioni, kisha aongeze.

Mtaniuliza, kuna ushahidi? Upo. Katika mji wa Porto Alegre, Brazil, walichaguliwa wagonjwa 32 wa moyo dhaifu ambao misuli yao ya pumzi pia ilikuwa dhaifu. Waligawanywa 16 na 16. Wote walipewa kifaa cha kufanana, lakini kundi moja kifaa chao hakikuwa na mzigo wowote, ili isije ikawa ni kutiwa moyo tu ndiko kulikowasaidia. Walifanya nusu saa kila siku kwa wiki 12. Waliokuwa na mzigo, nguvu zao za kuvuta pumzi ziliongezeka kwa asilimia 115, yaani zaidi ya maradufu. Na umbali waliotembea kwa dakika 6 uliongezeka kwa asilimia 19. Mtu wa mita 300 anafika mita 350 na kitu. Hayo yalichapishwa mwaka wa 2006.

Mita hamsini! Mwenye miguu mizima atacheka. Lakini kwa mama yule mita hamsini ni kutoka mlangoni mpaka chooni na kurudi bila kushika ukuta.

Sasa nisije nikawauzia kitu kama wale wa dawa za miti shamba wenye vipaza sauti sokoni. Watu 32 ni wachache. Tafiti zingine zimefuata, nazo zinaelekea upande huo huo, hasa kwa wale ambao misuli yao ya pumzi imepimwa ikaonekana dhaifu. Ambaye misuli yake bado iko imara hapati faida nyingi. Na hakuna aliyethibitisha kwamba mazoezi haya yanaongeza miaka ya kuishi. Yanapunguza kuhema na kuongeza mwendo. Hayachukui nafasi ya hata kidonge kimoja. Nasema hivi kwa sauti kwa sababu nimeona: mtu anasikia "mazoezi," anafurahi, anaacha dawa ya kutoa maji kwa vile inamsumbua kwenda haja ndogo ndani ya matatu. Wiki mbili, amerudi wadini. Kama dawa inasumbua safarini, mwulize daktari saa ya kuimeza. Usiiache.

Na kuna wale wasiofaa kuanza kabisa mpaka waonwe. Anayehema hata akiwa ameketi. Anayeendelea kufura. Mwenye maumivu ya kifua, au aliyezimia juzi. Aliyewahi kupasuka pafu, aliyepasuliwa kifua au tumbo hivi karibuni, mwenye sikio lililopasuka ngoma au linalotoa usaha. Na hapa kwetu naongeza hili kwa mkazo: mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili, au anayetokwa jasho usiku na kukonda, apimwe kifua kikuu kwanza. Usimpe mtu kifaa cha kuvutia pumzi kabla hujajua anakohoa nini. Na akiwa katikati ya mazoezi, kichwa kikizunguka, moyo ukienda mbio ovyo au kifua kikiuma, aache hapo hapo.

Kutoka hapo nafika kwenye jambo ambalo najua halitawapendeza wote. Nilipotaja kifaa hiki kwenye Jumuiya moja, mwenyekiti alisimama akasema, "Tufanye harambee, tununue kimoja, kizunguke nyumba kwa nyumba." Moyo mzuri sana, na ndivyo tulivyozoea, hata sufuria za arusi ni za kikundi. Lakini hiki hakizunguki. Kinaingia mdomoni, kinajaa mate. Nyumbani, kifaa kimoja ni cha mtu mmoja, kama mswaki. Kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisuuzwe, kikaushwe pahali pasafi, si juu ya jiko. Hospitalini wana namna yao ya kubadilisha mdomo wa kifaa na kukisafisha. Sisi hatuna.

Tena kupatikana kwake si rahisi. Kwenye maduka ya dawa ya mji huu sikukiona, na yule mama alinunuliwa na kaka yake aliye Nairobi, kwa kuagiza. Kuhusu malipo, msidhani tu kwamba SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka wa 2024, italipa au haitalipa. Ulizeni ofisini kabla ya kupanda gari.

Mkiniuliza mimi, kama Jumuiya ina pesa kidogo, kifaa si cha kwanza. Cha kwanza ni mizani. Ile ya kukanyaga, ya kawaida. Hiyo ndiyo inaweza kuzunguka nyumba kwa nyumba, kwani haiingii mdomoni. Mgonjwa wa moyo ajipime kila asubuhi, ameshakojoa, hajala, na nguo ni zile zile, na aandike. Akiongezeka zaidi ya kilo mbili kwa siku tatu, hayo si mafuta, ni maji, na aende kliniki siku hiyo bila kungoja miguu ifure. Kuna mzee mmoja huku anajipimia kwa mizani ya mahindi pale posho mill. Anasema ni sawa tu, ila lazima awahi kabla ya magunia. Ninamheshimu sana.

Sasa, asiye na kifaa afanye nini? Hapa nataka niwe mkweli. Kupumua polepole bila mzigo si sawa na kufundisha msuli kwa mzigo, kama vile kuinua mkono mtupu si sawa na kuinua ndoo. Lakini kuna faida nyingine. Mgonjwa akae wima, mkono mmoja kifuani, mwingine tumboni. Avute kwa pua polepole mpaka mkono wa tumboni usukumwe nje, ule wa kifuani utulie. Kisha atoe kwa midomo iliyobana kidogo, kama anayepoza chai. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Wagonjwa wengi hupumua kwa mabega, juu juu, haraka haraka, na wakishikwa na hofu ndipo wanazidi. Hii huwatuliza. Msimlaze chali na kumwekea mfuko wa maharagwe tumboni kama nilivyosikia wengine wanafanya. Mgonjwa wa moyo akilala chali anazama.

Nifungue mabano kidogo. Mwaka wa 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Waitaliano na wenzao. Watu 23 wenye afya waliombwa wasali Salamu Maria kwa Kilatini, kwa kupokezana, kama tunavyofanya kwenye rozari. Pumzi zao zilishuka zikafika karibu 6 kwa dakika. Mmoja wa watafiti hao, Luciano Bernardi, mwaka wa 1998 alikuwa ameshaonyesha kwamba wagonjwa wa moyo dhaifu wakipumua taratibu hivyo, mara 6 kwa dakika, oksijeni ndani ya damu yao inapanda. Msiende kusema nimesema rozari ni dawa ya moyo, Padre atanifukuza. Nasema kasi. Na ilikuwa kwa Kilatini na kwa utulivu, si ule mwendo wetu wa kukimbiza mafumbo ili mvua isitukute njiani. Mkisali na mgonjwa, fuateni pumzi yake, asifuate yenu.

Sasa maputo. Karibu kila nyumba ya mgonjwa wa moyo ninayoingia nakuta puto, au chupa ya maji yenye mrija ya kupulizia mapovu. Mtu amewaambia yanaongeza pumzi. Mnakumbuka nilisema kazi iko wapi? Kwenye kuvuta. Puto linafanya mtu akaze kutoa, tena kwa kujikamua, mishipa ya shingo imesimama. Huko kujikamua kunabana kifua na kuusumbua moyo. Kiwambo hakifundishwi hivyo. Waachieni watoto maputo.

Na kule kulala tu kitandani, tukuache. Mgonjwa akishatulia kwa dawa, atembee. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani, Kanada na Ufaransa, uliochapishwa mwaka wa 2009, ulifuata wagonjwa 2,331 wa moyo dhaifu, ukaonyesha kwamba mazoezi ya kawaida yaliyopangwa vizuri ni salama kwao. Kipimo cha nyumbani ni mazungumzo: atembee kwa mwendo ambao bado anaweza kuongea sentensi nzima. Akibaki kusema neno moja moja, apunguze. Aanze na tambarare, kilima kije baadaye.

Jambo dogo tena, lakini ni kubwa kwa kina mama. Kuna wagonjwa wa moyo ambao pumzi huwakatika wakiinama tu, ndani ya nusu dakika. Sasa fikirieni kazi zetu: kufua, kupalilia, kupuliza jiko, kufagia kwa ufagio mfupi. Zote ni za kuinama! Yule mama tulimwinulia beseni juu ya meza ya mawe, akawa anafua ameketi kwa kiti kirefu. Haikugharimu hata shilingi. Jiko nalo likainuliwa na dirisha likapanuliwa.

Yeye alifanya mazoezi ya kifaa wiki kumi na mbili, na dawa zake, na kutembea. Siwezi kuwaambia ni ngapi imetoka kwa lipi. Alipopimwa mara ya mwisho alikuwa ametoka 40 akafika 66. Anafika kanisani akipumzika mara mbili. Mtungi wa lita 20 habebi na hatabeba, anabeba wa lita 5. Kuhusu mwethya, nilikwenda kuongea na kikundi chao. Haikuwa rahisi. Mwekahazina alisema, na alikuwa na haki ya kusema, kwamba wakimsamehe mmoja kesho watano watakuwa na moyo. Tulibishana karibu saa mbili. Mwishowe walikubali aandike daftari la mawe na kupika uji, na barua ya kliniki iwekwe kwenye faili ya kikundi. Faini tatu hawakumrudishia. Mpaka leo hawajamrudishia.

Ndiyo maana nimekuja kwenu nyinyi viongozi. Vikundi vyenu vina sheria za faini. Ziangalieni kabla ya msimu huu. Wekeni mstari mmoja juu ya mtu mwenye barua ya kliniki, na kazi mbili au tatu za kuketi. Yeyote anayehema akitembea tambarare, au anayelala ameegemea mito, asitozwe kitu mpaka apimwe presha. Wahamasishaji wa afya mko hapa, na wengi mna mashine ya kupimia presha kwenye mkoba.

Maswali nitajibu matatu tu, kwani naona chakula kimeiva.

Mzee pale nyuma ameuliza kama kijana mwenye pumu anaweza kutumia kifaa hicho hicho. Pumu ni habari nyingine, Mzee wangu, na ina dawa zake za kuvuta. Aulize kliniki yake, asiige mgonjwa wa moyo.

Mama ameuliza kama mtu akimaliza wiki kumi na mbili amemaliza. Hapana, mama. Msuli ukiachwa unalegea, kama wa mkono tu. Baada ya hapo wengi hupunguza siku, mtaalamu ndiye atakayemwambia ngapi, lakini haachi.

Na mwalimu wa kwaya ameuliza kama mwimbaji wake mwenye moyo dhaifu aendelee kuimba. Kama daktari hajamkataza, aimbe. Kuimba kunamfundisha kupanga pumzi, ingawa si mzigo wa kutosha kuwa mazoezi yale niliyoeleza. Lakini mwalimu, aimbe ameketi, karibu na dirisha, na zile nyimbo za kucheza kuanzia lango mpaka altare asiandamane nazo. Na mazoezi yenu ya Alhamisi usiku mnayofanya mpaka saa nne, yeye aende nyumbani saa mbili.